Simu Iliyobaki Dukani kwa Mangi

Mpendwa mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini ulinilea hivyo: kwanza salamu, halafu shida. Salamu nimeshatoa. Shida ni kwamba na mimi nina presha.

Walipima mara ya kwanza wakasema labda nimepanda ngazi kwa haraka. Nikaambiwa nikae kwenye benchi, nitulie, nisiongee na mtu. Wakapima tena. Muuguzi akaitazama mashine, akanitazama mimi, akauliza, "Mama yako alikuwa nayo?" Nikasema alikuwa nayo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilokuwa analitafuta. Nikapewa dawa, kidonge kimoja kila asubuhi, bila kuruka, maisha yangu yote. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonishinda. Nilizichukua, nikasema asante, nikaziweka kwenye mkoba, ule mfuko wa ndani wenye zipu. Zikakaa humo. Kila mtu nyumbani alijua ninazo na hakuna aliyejua kwamba sijafungua hata pakiti ya kwanza.

Usinune, mama. Ngoja nikusimulie, maana na wewe unahusika.

Mimi nilijiambia kwamba mtu mwenye umri wangu hawezi kufungwa na kidonge. Nitatembea, nitapunguza mafuta, itashuka yenyewe. Mjukuu wako Neema akaninunulia saa ya mkononi inayohesabu hatua. Kazi yangu unaijua, ni kukaa. Ofisini Kibaha nakaa, kwenye bajaji nakaa, nikifika nyumbani nakaa nipumzike kwa sababu nimechoka kukaa. Sasa hii saa ukikaa muda mrefu inatetemeka mkononi ikikwambia usimame. Siku moja ikatetemeka katikati ya kikao, mwenyekiti anaongea, na mimi kwa utiifu nikasimama. Akasema, "Haya mama, tunakusikiliza." Nikalazimika kutunga swali. Nililouliza sijui, ila lilijibiwa kwa urefu sana.

Kwa siku chache niliacha bodaboda ya kutoka barabara kuu hadi nyumbani, nikawa natembea. Ikanyesha mvua, nikapanda. Kesho yake hapakuwa na wingu hata moja, nikapanda tena.

Nilikuwa nakukumbuka sana nikiwa nyuma ya ile bodaboda. Wewe vijana wa bodaboda pale Mzenga walikukatia tamaa. Walikuwa wakikupita njiani wanapunguza mwendo, "Bibi, panda nikupeleke," na wewe unawajibu bila kugeuka, "Kwani nimekwambia nimechelewa?" Ulitembea kwenda kanisani, ukatembea kwenda shambani, ukatembea kwenda kuwaona wagonjwa ambao baadhi yao walikuwa wadogo kwako. Na hukuwa unafanya mazoezi. Neno hilo ungelicheka. Ulikuwa unakwenda mahali.

Hata siku ile nilipokupandisha treni mpya kutoka Soga, tunakwenda mjini kuangaliwa macho yako, ulikataa kukaa. Nimekukodia gari kutoka nyumbani hadi stesheni, umekaa njia nzima mkono mmoja umeshika mlango. Tulipoingia kwenye treni na ikaanza kwenda, ukasimama ukaanza kutembea katikati ya viti, polepole, umeshika migongo ya viti vya watu na kuwasalimia mmoja mmoja. Nikakuita, "Mama, kaa, tutafika." Ukasema, "Yenyewe inatembea na mimi natembea ndani yake, si tutafika mapema zaidi?" Behewa zima likacheka. Mhudumu alipokuja kukuomba ukae ulimpa shikamoo yake kwanza, maana hakukuamkia, ndipo ukakaa. Yule binti aliona aibu mpaka tunashuka.

Walipokwambia wewe una presha, ulilipokea jambo hilo kama habari ya mtu mwingine. Chumvi ulikubali kupunguza, kwa namna yako. Ulisema mgeni hawezi kuwekewa kisamvu kisicho na chumvi, ni kumfukuza, kwa hiyo ukawa unachota chako kwanza kwenye bakuli, halafu chumvi inaingia kwenye chungu cha wengine. Dawa ndiyo ilikuwa tatizo. Ulimeza ukikumbuka, na ulikumbuka kichwa kikiuma. Kisha ukitulia unasema umepona, zilizobaki unamwekea jirani yako Bi Tatu akiba, eti na yeye kichwa kinamuuma. Bi Tatu mwenyewe alikuwa na sukari.

Hapo ndipo nilipokununulia kile kitochi, simu ndogo yenye vitufe na tochi kichwani. Nikaweka alamu ya saa moja asubuhi, kila siku, nikakwambia, "Mama, hii ikilia saa moja, umeze dawa." Ukaitikia, "Haya." Sikuona sababu ya kueleza zaidi. Nilirudi Kibaha nimeridhika, nikijiona nimemaliza kazi.

Sikujua mambo mawili. La kwanza, kwamba kule bondeni kwako mtandao haushiki. Kwa hiyo ulipoambiwa na watoto wako wengine kwamba hupatikani, uliipeleka simu dukani kwa Mangi, juu kilimani, ambako mtandao upo, ukaitundika kwa kamba kwenye msumari wa barazani. Ikawa simu inaishi kule na wewe unaishi huku. La pili nililijua baada ya muda mrefu sana, na nililijua vibaya.

Unaikumbuka ile Jumapili? Nilikuja nikalala kwako. Asubuhi nakusikia unajifunga kanga, nakuuliza unakwenda wapi mapema hivi na ibada bado, unasema, "Nakwenda kwa Mangi mara moja. Twende kama umeamka." Tukapanda kile kilima. Mimi nahema, wewe unaongea. Dukani tukamkuta Bi Tatu kwenye benchi, na Mzee Kondo na fimbo yake, na Mangi anafungua madirisha. Nikadhani wamekuja kununua mkate. Kisha kile kitochi kikalia pale msumarini. Ukakichomoa, ukabonyeza, ukaweka sikioni, ukasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Hallo, mwanangu! Nimeamka salama. Nameza sasa hivi."

Na mimi nimesimama pembeni yako. Simu yangu imo ndani ya mkoba, na mkoba uko nyumbani kwako juu ya kitanda.

Kumbe kwa muda wote ule ulikuwa umewaambia watu kwamba kila asubuhi saa moja kamili mwanao wa kwanza aliyeko Kibaha anakubipu. Hapigi, anabipu tu, maana ana haraka ya kazini na salio lake dogo, ila hajawahi kukosa hata siku ya sikukuu. Na wao walikuwa wanakuja na dawa zao, Bi Tatu na Mzee Kondo, maana walisema simu ya huyo binti haikosei. Mangi alikuwa anawawekea birika la maji kwenye meza. Nilimwona Bi Tatu akinitazama mimi, akaitazama simu, akanitazama tena. Mangi akaingia ndani kutafuta kitu. Mzee Kondo akakohoa. Wewe ukafungua fundo la pindo la kanga, ukatoa kidonge chako, ukameza na maji, ukairudisha simu msumarini. Ukasema, "Haya, ibada isitupite."

Njiani nilijaribu. Nilikwambia, "Mama, ile siyo mimi. Ile ni alamu, inalia yenyewe."

"Nani aliiweka?"

"Niliiweka mimi, lakini siku ileile tu."

"Basi," ukasema, na ukaongeza mwendo.

Mpaka leo sijui kama ulikuwa unajua tangu mwanzo au ulijua asubuhi ile. Mdogo wangu Yohana anasema ulijua, kwa sababu hukuwahi kulalamika kwamba sijibu. Mimi sina hakika. Ninachojua ni kwamba kesho yake ulipanda kilima tena, na keshokutwa, na mimi nikiwa kwenye foleni ya bajaji Kibaha nilikuwa naangalia saa ikifika moja najua mahali ulipo na unachofanya. Nilipenda kukujua hivyo. Hatukuzungumza sana wewe na mimi, lakini saa moja nilikuwa nakujua.

Halafu zikaja mvua kubwa, ukaumwa kichomi, na dawa za presha hazikuwa na la kufanya na kichomi. Tulikuzika karibu na baba. Ulisindikizwa na watu wengi, mama. Vijana wa bodaboda walizima pikipiki zao wakazisukuma kwa mkono hadi makaburini, na nadhani hilo lingekuchekesha.

Baada ya matanga tuligawana vitu vyako vichache. Mimi nikaomba simu. Wote wakakubali, ila hakuna aliyekuwa na nguvu ya kwenda kuitoa kwenye msumari, ikaachwa palepale. Miezi ikapita. Nilipopewa hizi dawa zangu nikaingiwa na hamu ya ile simu, sijui kwa nini. Labda nilitaka kitu chako cha kuweka kwenye mkoba pamoja nazo. Nikamwambia Baba Neema nakwenda Mzenga kuchukua simu ya mama, akasema, "Kitochi? Si kimeshakufa chaji?" Nikamwambia nakwenda hivyohivyo.

Nilipanda gari hadi Mlandizi, kutoka pale bodaboda na vumbi lake. Nikalala kwako. Nyumba iko sawa, Yohana anaifagia, paa la jikoni ndilo linahitaji kushikwa. Asubuhi nikapanda kilima. Nilisimama njiani mara nyingi kuliko inavyofaa kusema, na ile saa ya Neema ikatetemeka kunipongeza. Nilipofika juu kichwa kilikuwa kinagonga, macho yanaona vinyota. Nikakaa kwenye benchi kabla sijamsalimia mtu.

Walikuwepo. Bi Tatu, Mzee Kondo, na mama mmoja mgeni kwangu aliyekuja na dawa zake kwenye karatasi. Birika lipo mezani. Na simu ipo msumarini, mama, na imejaa chaji. Mangi huwa anaichaji akifunga duka.

Ikalia. Bi Tatu akanyanyuka, akaichomoa, akabonyeza, akatangaza, "Haya, marehemu katubipu. Tumezeni." Wakameza. Hakuna aliyecheka wala kulia. Walikuwa wameshazoea.

Nilingoja wamalize ndipo nikasema nilichofuata. Mangi akawa wa kwanza kujibu, na aliongea vizuri, "Chukua mama, ni haki yenu. Sisi tulikuwa tunaitunza tu." Akaanza kuifungua kamba.

Bi Tatu akasema, "Na sisi atatubipu nani?"

Mangi akamwambia yeye ana simu janja, ataweka alamu hiyohiyo.

"Simu yako wewe unatembea nayo. Leo uko hapa, kesho uko Kariakoo kufuata mzigo, sisi tubaki tunaangalia msumari?" Kisha akanigeukia mimi. Hakuwa anaomba. "Wewe mbona unahema hivyo? Kilima hiki mama yako alikuwa anakipanda anasimulia hadithi."

Nikasema nimechoka na safari.

"Safari ya wapi, si umelala hapo bondeni? Una presha wewe. Nakuona macho. Dawa unazo?"

Ningeweza kumdanganya muuguzi, ningeweza kumdanganya Baba Neema, na kwa kweli nilikuwa nimeshawadanganya wote. Bi Tatu alinibeba mgongoni nikiwa sijaota meno. Nikafungua zipu nikampa. Akaligeuza lile boksi la dawa, akaona halijafunguliwa hata upande mmoja.

"Loo! Kondo, njoo uone. Anazo! Anazibeba kama kitambulisho!" Mzee Kondo akasogea kuona. Yule mama mgeni naye akasogea. "Mwenzio alikuwa anatoka kule chini na kiuno kile kibovu aje ameze kimoja hapa, arudi. Wewe unazo kwenye mkoba unashindwa kufungua zipu? Kinakushinda nini, kuziona?"

Nikamwambia kweli, mama. Kwamba nikianza sitaacha mpaka siku ya kufa. Kwamba nikimeza cha kwanza nitakuwa nimekuwa wewe, na wewe umeshakufa. Niliongea vibaya, nililia mbele ya duka asubuhi watu wanakuja kununua vitumbua.

Bi Tatu akaningoja nimalize. Akasema, "Sasa kwani kuwa mama yako ni kubaya?"

Nikajifuta machozi. Mangi akanimiminia maji kwenye kikombe, lakini sikumeza pale. Nilisema nitaanza kesho nyumbani, kwa utulivu. Bi Tatu akaguna. Kwao pale, neno kesho wanalijua thamani yake. Nikamwambia Mangi aifunge tena simu pale msumarini. Bi Tatu akaichukua kwanza, akambonyezesha Mangi vitufe mpaka jina langu likaonekana, maana lilikuwa humo tangu siku ulipoipokea. "Hapa umeandikwa. Sasa sisi ndio tutakubipu wewe." Nikacheka, nikadhani ni utani wa kuniagia.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumatatu. Tulikuwa mezani, mimi na Baba Neema, chai na mihogo ya kuchemsha niliyotoka nayo kwako. Simu yangu iko kati yetu. Mkoba uko kwenye kiti, zipu imefungwa. Nilikuwa nimeshaamua kwamba kwa kuwa jana nilichoka, nitaanza Jumanne.

Simu ikawaka. Baba Neema ndiye aliyeiona kwanza, na nikamwona anaweka kikombe chini taratibu bila kukitazama. Akaisogeza kwangu kwa kidole kimoja.

Kwenye kioo pameandikwa Mama.

Ikalia mara moja, ikakata.

Wewe unajua taratibu za kubipu. Ukibipiwa, unapiga. Nilipiga, nikasikia upepo wa kule kilimani na birika linawekwa mezani, na sauti ya Bi Tatu ikapokea kwa nguvu zote: "Umemeza?"

Nikasema, "Nameza sasa hivi."

"Hatukati mpaka tusikie."

Nikafungua zipu, nikapasua boksi kwa meno kwa sababu mkono mmoja umeshika simu. Nikakitoa kidonge. Ni kidogo, mama, sijui nilidhani kitakuwaje. Nikakimeza na chai, Baba Neema ananiangalia, nikasema, "Nimemeza." Nikasikia Bi Tatu akiwaambia wenzake, "Kameza." Kisha wakakata bila kuaga, kulinda salio langu.

Imekuwa hivyo tangu siku ile. Baba Neema siku hizi akisikia mlio ule anachukua mkoba wangu yeye mwenyewe. Kupiga nimeacha, hawataki, wanasema namaliza muda wao. Jina nimeliacha kama lilivyo, ingawa Neema alinishauri niandike Mangi dukani. Presha imeshuka kiasi, muuguzi ameridhika, ameniambia nisiache. Nimemwambia siwezi kuacha hata nikitaka, kuna watu. Na jioni nashuka barabara kuu natembea hadi nyumbani, siku zisizo na mvua, na baadhi ya zenye mvua. Kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza kwa nini simpi kazi tena. Nilimjibu kama ulivyokuwa ukiwajibu wa kwenu, bila kugeuka.

Nimekukosa, mama. Nilidhani nimekwambia vya kutosha ulipokuwepo na sasa naona sikukwambia kitu. Paa la jikoni tutalishika kabla ya mvua zijazo. Wewe pumzika, ila kesho saa moja nitakuwa mezani, simu iko mbele yangu.

Wewe bipu tu. Nitameza.

Kifungua mimba wako,
wa Kibaha